Kizunguzungu cha mzee: msikubali jibu la "ni umri tu"

Baba na mama yangu wote wawili walipata kizunguzungu uzeeni, na wote waliambiwa na ndugu na jamaa kwamba huo ni umri. Kumbe kila mmoja alikuwa na tatizo lake, lenye chanzo chake na tiba yake. Nimewauguza wote wawili. Ninayoandika hapa ni yale ambayo natamani kila anayeishi na mzee ayajue mapema, kabla mzee wake hajaanguka.

Mama alipatwa akigeuka kitandani, au akiinua kichwa kutazama kitu kilicho juu. Chumba kizima kilimzunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha kikatulia, akabaki na kichefuchefu. Baba hakuwahi kuona kitu kikizunguka. Yeye aliposimama tu kutoka kitini macho yaliingia giza na magoti yakalegea, akatafuta ukuta wa kushika. Kwa hiyo mzee wako akilalamika, muulize alikuwa anafanya nini hali ilipoanza. Ilidumu kwa sekunde, kwa saa, au kwa siku nzima? Je, vitu vilizunguka, au alihisi anataka kuzimia? Masikio yalivuma au yaliziba? Andika majibu, uende nayo kwa daktari. Wazee wengi hawasemi haya wasipoulizwa, wakihofia kuonekana wasumbufu.

Mwili wa binadamu husimama kwa mafiga matatu: macho, sikio la ndani linalopima mwendo wa kichwa, na hisia zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Ubongo hukusanya habari za pande zote tatu na kuamua tumekaa vipi. Kijana akipungukiwa na figa moja, mawili yaliyobaki humshikilia. Kwa mzee, yote matatu huwa yamelegea kidogo kidogo: mtoto wa jicho ameanza, seli za sikio la ndani zimepungua, na pengine kisukari kimetia nyayo ganzi. Ndiyo maana naamini kumtafutia mzee sababu moja tu ni kumkosea haki. Mara nyingi sababu mbili au tatu zimekutana mwilini mwake, na hata ukiondoa moja tu anapata nafuu kubwa.

Tatizo la mama ndilo linaloongoza kati ya magonjwa ya sikio la ndani yanayoleta kizunguzungu kwa wazee. Ndani ya sikio kuna punje ndogo mno za madini ya kalsiamu, zilizonata kwenye sehemu yake maalumu. Zikibanduka, huingia kwenye mifereji yenye majimaji inayopima mzunguko wa kichwa. Kichwa kikigeuka, punje husukuma yale majimaji, na ubongo huletewa habari kwamba mwili unazunguka ilhali umetulia. Kinachoongeza hatari ni umri wenyewe, kwa kuwa punje hizo huchakaa. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Wapo pia waliogongwa kichwa, waliolala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa, wenye mifupa iliyopoteza uimara, na wenye upungufu wa vitamini D. Hili la vitamini D si la kupuuza hata kidogo: utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na upungufu, walipopewa vitamini D pamoja na kalsiamu, walirudiwa na tatizo mara chache zaidi. Mwombeni daktari apime kiwango chake kabla ya kununua vidonge.

Kipimo cha ugonjwa huu hakihitaji mashine. Mgonjwa huketi, kichwa hugeuzwa upande, kisha hulazwa kwa haraka huku daktari akimtazama macho. Macho yakichezacheza kwa namna fulani, jibu limepatikana. Na tiba yake ni kukigeuza kichwa kwa hatua zinazofuatana mpaka punje zirudi mahali pasipo na madhara. Mbinu hiyo ilibuniwa na daktari wa Marekani, John Epley. Mama alipofanyiwa alishikwa na kizunguzungu kikali palepale, akaning'ang'ania mkono, na daktari alikuwa ametuonya kwamba ingekuwa hivyo. Baada ya hapo akaweza tena kugeuka kitandani bila hofu. Wengi hupona kwa mara moja au chache, ingawa tatizo linaweza kurudi. Mara ya kwanza ifanywe na mtaalamu, hasa kwa mzee mwenye shida ya shingo au ya mishipa ya damu ya shingoni.

Sasa nije kwa baba, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Presha yake ilipimwa kila mara akiwa amekaa, na kila mara ilionekana nzuri. Siku muuguzi mmoja alipoipima akiwa amelala, kisha akampima tena baada ya kusimama, ndipo ukweli ulipojulikana. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, damu haifiki vizuri kichwani. Ombeni kipimo hiki. Hakuna gharama yoyote ndani yake zaidi ya subira.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi kimo kwenye mfuko wa dawa. Dawa za presha zinaweza kuishusha kupita kiasi, hasa zikiwa zaidi ya moja. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji na chumvi mwilini. Baadhi ya dawa za tezi dume hulegeza mishipa ya damu. Ongeza dawa za usingizi, za sonona, za wasiwasi, na hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu hununua bila kuandikiwa. Sindano za gentamicin na streptomycin, dawa za kuua bakteria, zinaweza kuharibu sikio la ndani lenyewe, hivyo mzee aliyewahi kuchomwa dawa hizo amtajie daktari. Ushauri wangu ni huu: kusanyeni kila kidonge, kila chupa na kila unga wa miti shamba, mtie kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo uwekwe mezani kwa daktari. Baba alikuwa anaandikiwa dawa na zaidi ya daktari mmoja, na hakuna aliyekuwa ameziona zote pamoja. Lakini msiache dawa wala kupunguza kipimo wenyewe. Presha iliyoachwa bila dawa huleta kiharusi.

Nina neno pia kuhusu vidonge vinavyotolewa kutuliza kizunguzungu. Vinafaa kwa siku chache, mzee anapotapika na hawezi kusimama. Vikitumiwa kwa miezi, vinachelewesha ubongo kuzoea upungufu wa sikio, na baadhi yake, kama prochlorperazine na cinnarizine, vinaweza kuleta mtetemeko na ugumu wa mwili unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Ukiona mzee anavimeza mwaka hadi mwaka, uliza kwa nini.

Kuna na mengine. Wazee hawahisi kiu kama zamani, hivyo hukaa bila maji mpaka mwili unakauka. Upungufu wa damu, sukari inayoshuka ghafla kwa anayetumia insulini, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yote huleta kizunguzungu, na yote hupimwa kirahisi. Presha ya wazee wengine hushuka baada ya mlo mkubwa. Mzee anayepoteza usikivu wa sikio moja, likivuma na kujaa, huku kizunguzungu kikidumu kwa saa kadhaa, apelekwe kwa daktari wa masikio.

Na sasa jambo lisilosubiri hata asubuhi. Kizunguzungu kikianza ghafla pamoja na ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma vikali kuliko kawaida, au kushindwa kabisa kusimama, hicho kinaweza kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Mkimbizeni hospitali wakati huohuo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au anayevuta sigara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wazee ndio wengi miongoni mwao. Woga wa kuanguka nao ni hatari. Mzee aliyetishika hukaa kutwa nzima, misuli ya miguu ikaisha, na siku anaposimama ndipo anapoanguka. Msimfungie kitini kwa kumpenda. Baba alifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kusimama akiwa ameshikilia meza, kugeuza kichwa taratibu, na kutembea hatua fupi, na mazoezi hayo yalimrudishia ujasiri kuliko kidonge chochote alichowahi kupewa.

Wakati mnaendelea kutafuta tiba, mzee aamke kwa vituo: akae kitandani akichezesha nyayo kwa muda, asimame akishika kitu, ndipo atembee. Taa iwake njia yote ya kuelekea chooni usiku, na mikeka inayoteleza iondolewe. Asipande ngazi wala kiti kufikia vitu vya juu, na asiendeshe gari mpaka daktari aseme. Akioga, mlango wa bafu urudishwe tu bila komeo, na mtu awe karibu wa kumsikia akiita.