Shangazi, mke wangu kanikatia besiboli

*Shikamoo Shangazi. Natokea Mombasa ila naishi Lowell, Massachusetts, mwaka wa 12 huu. Mi ni shabiki wa kufa wa Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, nilianza kuwapenda kwa ile stori ya 2004, walipofungwa mechi tatu na Yankees wa New York halafu mchezaji wetu Dave Roberts akaiba besi ya pili, yani akaikimbilia bila kusubiri mpira upigwe, kwenye iningi ya tisa, ile zamu ya mwisho, wakageuza wakashinda nne mfululizo mpaka wakachukua kombe baada ya miaka 86, yani nikiikumbuka nasisimka. Sinywi, sina mchepuko, kila jioni nipo nyumbani na watoto wawili maana mke wangu ana shifti ya jioni kwenye nyumba ya wazee, anarudi saa tano usiku anatukuta tumelala wote kwenye kochi. Naangalia mechi chache tu. Sasa juzi kakata kifurushi cha mechi bila kuniuliza eti kadi ni yake. Yeye hajui besiboli hata kidogo. Tangu Machi sijakosa mechi, leo nakaa kama yatima. Kijana wetu wa miaka 10 anacheza Jumamosi asubuhi, nimeenda mara mbili, nyingine nakuwa nimechoka, mama yake ndo anaendaga, wiki iliyopita kaniambia mtoto kaiba besi ya pili. Naomba umkanye.*

Marahaba mwanangu. Pole, najua inauma kuwasha tivii usiikute timu yako. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia namuona mkeo zaidi kuliko ninavyokuona wewe. Unasema mechi chache, mistari miwili mbele unasema hujakosa hata moja tangu Machi. Mwanangu mimi nimekaa Boston miaka minne nalea wajukuu, huo mchezo naujua. Msimu ni mechi 162, karibu kila siku mpaka mwisho wa Septemba. Zamani mechi moja ilikuwa inapita masaa matatu, tangu 2023 walipomwekea mrusha mpira saa ya kumhesabia, arushe ndani ya sekunde 15 kama besi hazina mtu, imeshuka ikawa kama masaa mawili na dakika 40. Haya zidisha. Ni masaa 432, siku 18 mchana na usiku bila kulala. Na timu ikienda California mechi inaanza saa nne usiku wa kwenu, ndo maana Jumamosi unakuwa "umechoka". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huyu wako amekaa miezi sita sebuleni na hajawahi kushika hata ufagio.

Halafu hilo la kochi. Umeliandika kama sifa, mi nimeona watoto hawajapelekwa kitandani, pengine hata mswaki hawajapiga, na mwanamke aliyeshinda anageuza na kuogesha wazee wa watu anaingia kwake saa tano usiku anaanza kubeba wake. Kutokuwa mlevi ni vizuri, ila mke haolewi ili ahesabiwe maovu ambayo mume hakuyafanya.

Na hii sikuoni peke yako. Ndoa za siku hizi mtu yupo ndani ila hayupo, zamani wanaume walikwenda barazani kucheza bao, ikifika isha wanarudi na habari za mtaa, mke anajua mume katoka na mume karudi. Sasa baraza lipo mfukoni, halifungwi, baba ana mechi, mama naye (nasi wanawake tumo, sitaficha) ana simu ya dada zake mpaka wali unashika chini, watoto wanakua katikati ya watu wawili waliopo kwa mwili tu. Ugenini ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna bibi wala jirani wa kuziba hilo pengo.

Nirudi kwako, kuna kitu umekiandika na hukukiona. Unasema mkeo hajui besiboli hata kidogo, kisha unasema yeye ndo alikwambia mtoto kaiba besi ya pili. Mtu asiyejua besiboli angesema mtoto kakimbia. Huyo binti wa watu, aliyelala masaa machache baada ya kazi, amekaa pembeni ya uwanja Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka amejifunza mchezo wako, akaja kukusimulia ukiwa umejifunika shuka. Dave Roberts umempa mistari mitatu. Mwanao kaiba besi ileile, umempa nusu mstari.

Kwa hiyo simkanyi. Kifurushi kilikuwa kwenye kadi yake, amekata, haki yake. Ukikitaka lipia mwenyewe, na iwe mechi mbili kwa wiki mnazokubaliana, watoto wakishaoga na kulala vitandani mwao.

Jumamosi hii usisubiri kuamshwa. Amka wewe, mpikie chai ya maziwa umtilie kwenye thamosi, beba viti viwili na maji ya mtoto, mfike kabla hawajaanza kupasha. Mwanao akiikimbilia besi ya pili mgeukie mama yake umuulize ile ya wiki iliyopita aliiibaje. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.