Mdogo wangu, toa kwanza bei ya vilengeo

Juma lililopita kijana mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, aliniandikia usiku wa manane: "Yaya, zamu yangu ya kupokea pesa za likelemba imefika. Nina dola 1,600. Mwezi wa tisa naenda Liège, Ubelgiji, kusoma, na kule nataka kununua bunduki ya baruti nyeusi kama yako. Nimekwisha kuichagua. Niambie tu nitie vilengeo gani." Akatuma na picha: nakala ya Sharps ya 1874, bunduki ya Kimarekani, iliyoundwa Italia, mtutu mrefu, kitako cha mti kinang'aa kama kimepakwa mafuta asubuhi hiyo. Bei yake dola 1,540.

Nilisoma ule ujumbe mara tatu. Zimebaki dola 60, na anauliza vilengeo, vile vyuma vidogo vya kulengea shabaha! Miaka saba iliyopita mimi niliuliza neno hilohilo kwa mzee mmoja wa klabu kule Liège, naye hakunijibu. Alitazama bunduki yangu, akatazama viatu vyangu, akaondoka. Kwa sababu hiyo mimi nakujibu, tena kwa kirefu.

Nina haki ya kujibu. Mwezi wa tano mwaka huu nilipata pointi 93 juu ya 100 kwenye mita 100, nikawa wa tatu klabuni. Asiyejua mchezo huu aelewe: unapewa nusu saa, unapiga risasi 13, wanahesabu 10 zilizo bora. Kila moja unaijaza kwa mkono wako kupitia mdomo wa mtutu: baruti, risasi, mdeki, kisha fataki. Darubini ya kulengea hairuhusiwi, maana sheria za MLAIC, shirika la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa 1971, zinataka vilengeo vya mtindo wa zamani zile. Ni jicho lako, tundu dogo nyuma, na duara dogo mbele. Basi. Siku ile wenye klabu walisimama kunipa mkono, na yule mzee alikuwa kati yao.

Mapenzi haya sikuyapata Ulaya. Babu yangu alikuwa mtu wa upande wa Bunkeya, kule ambako mfalme M'siri alitoa shaba na pembe za ndovu ili apate bunduki na baruti. Babu alikuwa na gobori lake, na baruti aliipima kwa kipande cha pembe ya swala alichokikata mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kile kipimo, hata bibi. Nilipofika Liège kujifunza ufundi wa mashine, niliona kwenye makumbusho magobori kama lile la babu, nikasoma kwamba mengi ya yale yaliyouzwa Afrika yalitengenezwa palepale. Nilisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Basi nikaanza kuweka pesa. Miezi kumi na minne nilikula bukari na mboga tu, nikanunua nakala ya Gibbs, bunduki ya Kiingereza ya kulenga mbali, nayo imetoka Gardone Val Trompia, lile bonde la Italia lenye mafundi wa bunduki. Euro 1,300. Nilipomaliza kulipa nilibaki na euro 90, na kwa euro 90 nilinunua kilengeo cha nyuma kilicho kirefu, kile kinachosimama juu ya shingo ya kitako kama ngazi. Nilikuwa nimeona picha za mashindano ya Creedmoor ya 1874, pale Wamarekani walipowashinda Waairish kwa pointi 3 tu, wakipiga hadi yadi 1,000. Wote walikuwa na kilengeo kirefu. Nami nikataka kirefu.

Mwaka mzima risasi zangu zilitawanyika. Leo 71, kesho 64, kesho kutwa 78. Nilibadili baruti, nikabadili risasi, nikabadili hata namna ya kupumua. Mtu mmoja akasema mbele ya wote kwamba kwetu tumezoea kupiga tembo kwa misumari, ndiyo maana. Wakacheka. Neno hilo bado liko ndani yangu, sitadanganya.

Siku moja nilikipeleka kile kilengeo karakana ya shule, nikakifunga mezani, nikaweka pembeni saa ya fundi, ile ya kupimia mwendo mdogo wa chuma, nikakisukuma kwa kidole. Kilicheza nusu milimita. Nusu milimita! Mimi, mwanafunzi wa ufundi, sikuwa nimekipima hata mara moja. Sasa fanya hesabu: kati ya kilengeo changu cha nyuma na cha mbele kuna sentimita 90. Kila sehemu ya kumi ya milimita inayosogea nyuma inakuwa milimita 11 kwenye mita 100. Nusu milimita ni milimita 55. Duara la kumi kwenye shabaha yetu lina upana wa milimita 50. Kwa hiyo kile chuma kiliweza kunitoa upande huu wa duara hadi upande wa pili, hata kama mkono wangu ungekuwa wa mawe.

Nilinunua kingine, kifupi, kwa euro 240. Mchezo wa kwanza nacho nilipata 86.

Basi haya ndiyo majibu yako. Kama utapiga mita 50 na 100, usinunue kirefu. Kirefu ni cha mita 500 na kupita, pale risasi inapopaa juu sana na kushuka. Kifupi kinakaa imara, na pesa yako inaenda kwenye skrubu safi badala ya urefu. Dukani, kabla ya kulipa, kisukume kwa kidole kushoto na kulia. Kikicheza, kirudishe, hata kama muuzaji anakukunjia uso.

Tundu la kuchungulia: watu hudhani dogo ndiyo bora kwa sababu linaonyesha mambo makali. Ni kweli hapa Lubumbashi mwezi wa sita, jua likiwaka na mbingu hazina wingu. Liège mbingu ni za kijivu miezi mingi, na tundu dogo linakuwa giza tupu. Chukua diski yenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Mbele weka kilengeo cha tuneli, kile kilichofunikwa na bomba fupi, chenye vipande vya kubadilisha, nawe chagua pete, si kijiti. Pete iache weupe wa kutosha kuzunguka ule weusi wa shabaha. Ikibana sana, mwanga ukibadilika kidogo weusi unamezwa, hujui tena katikati ni wapi. Hapo nilipoteza mchezo mzima wa mwaka juzi, kwa kiburi cha kutaka pete ndogo kuliko za wenzangu. Na kama tuneli ina nivo ndogo, ile ya maji kama ya waashi, ilipie. Bunduki ikilala upande kidogo, risasi inafuata.

Sasa pesa. Ile Sharps haijazwi mdomoni, inatumia ganda. Maana yake ununue maganda na mashine ya kuyajaza, na dola zako 60 hazifiki hata mlangoni. Anza na bunduki ya kujazia mdomoni. Tenga kwanza bei ya vilengeo, kisha kalibu ya kumiminia risasi, kisha baruti na fataki, na kinachobaki ndicho kitachagua bunduki. Mimi natumia karibu gramu 4 za baruti kwa kila pigo, kwa hiyo kilo moja ni mapigo 250. Risasi yangu ina gramu 34, kilo ya madini inatoa 29. Tafuta madini ya risasi yaliyo laini, yale yanayotolewa kwenye mapaa ya nyumba za zamani. Vile vizito vya magurudumu ni vigumu mno. Yeyusha nje, unawe mikono kabla ya kula. Baruti nyeusi peke yake, kamwe ile ya kisasa isiyo na moshi, itapasua mtutu usoni mwako. Jioni ileile osha mtutu kwa maji ya moto, maana masizi yake yanaleta kutu usiku mmoja. Na karatasi za serikali zitangulie chuma, kule na huku.

Vijana wetu, nawasihi. Tunapenda kuingia na kitu kikubwa ili watu wageuke. Nimeona gari zuri Kamalondo limekaa miezi sita bila pesa ya magurudumu, nimeona simu ya dola 900 isiyo na unite. Mtu anayecheka umasikini wako leo hatakulipia vilengeo kesho. Babu yangu hakuwa na gobori zuri kijijini, lakini kipimo chake cha baruti hakuna aliyekuwa nacho.

Niko likizo nyumbani hadi mwezi wa nane. Bunduki nimeiacha kule, ila kilengeo cha mbele nimekuja nacho mfukoni pamoja na pete zake sita, na jana wapwa zangu walishinda wakichungulia nacho bomba refu la moshi la Gécamines, ile kampuni ya madini, wakibishana pete ipi inalibeba vizuri. Yule kijana wa Kampemba anakuja Jumapili baada ya misa. Nimemwambia alete daftari ya mahesabu, na ile dola 1,600 iwe bado mzima.