Wadogo zangu, CA-125 siyo jibu la kila tumbo lililovimba

CA-125 ni kipimo cha damu cha saratani ya ovari, na wiki hii kwenye raundi ya wodini nimeisikia tena kauli hii: "mgonjwa ana maji tumboni, CA-125 iko juu, ni saratani ya ovari." Ukiuliza umri, kijana anafungua faili. Ukiuliza hedhi ya mwisho lini, ndo anageuka kumuuliza mgonjwa hapohapo mbele ya watu. Naandika kwa sababu nawapenda, na kwa sababu wagonjwa wetu wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa wanafika Dodoma wakiwa wameshachelewa, hawana muda wa sisi kubahatisha.

1. Umri kwanza, fomu baadaye. CA-125 inafuata saratani za epitheli (zinazoanzia kwenye seli za utando), ambazo nyingi ni za mama aliyeshakoma hedhi. Binti mwenye uvimbe mgumu uliokua haraka muombee AFP, beta-hCG na LDH, vipimo vingine vya damu, maana huenda ni uvimbe unaoanzia kwenye seli za mayai yenyewe.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna binti wa kidato cha tatu aliletwa kwetu akiwa ameshapasuliwa hospitali nyingine. Mama yake alikuwa na makaratasi kwenye mfuko wa nailoni, yamekunjwa mpaka yameanza kuchanika kwenye mikunjo, na kwenye fomu ya maabara kulikuwa na tiki moja tu, CA-125. Jibu lilikuwa tisini na kitu. Mtu akaona imezidi 35, kiwango cha juu cha kawaida, akaona ultrasaundi ina uvimbe mkubwa, akaamua ni ugonjwa uleule wa mama zetu, wakaondoa ovari zote mbili na kizazi. Histolojia, yaani uvimbe wenyewe kuchunguzwa kwa darubini, ikarudi inasema ni uvimbe wa aina ile inayomwaga AFP, tukapima tukakuta AFP bado iko maelfu. Kwa ugonjwa huo ovari ya pili na kizazi vikiwa vizima vinabakizwa, hata kama umeshasambaa, kwa sababu kemo ya BEP inaumaliza kwa wengi, na AFP inapungua nusu kila siku tano mpaka saba kwahiyo unaiona kemo ikifanya kazi mzunguko kwa mzunguko. Na kweli ilishuka mpaka ikawa ya kawaida, binti yuko hai, anakuja kliniki. Ila mama aliniuliza, "Dokta, huyu mwanangu atakuja kuzaa kweli?" Nikamwambia ukweli. Hakulia, alianza tu kukunja yale makaratasi upya, moja moja, na mimi sikuwa na neno la kumuongezea. Tiki tatu zaidi kwenye fomu, na mtu wa kuuliza umri, ndo vilikosekana.

2. 35 siyo mpaka wa saratani. TB ya tumbo, endometriosis (utando wa kizazi unaoota nje ya kizazi), PID (maambukizi ya nyonga), mimba changa, ugonjwa wa ini, moyo uliofeli, hata hedhi yenyewe vinaipandisha. TB ya tumbo inaweza kuifikisha mamia huku mgonjwa amekonda na ana maji, yaani picha ileile kabisa, kwahiyo vuta maji upeleke saitolojia (kutafuta seli za saratani) na GeneXpert (kutafuta vimelea vya TB), na GeneXpert ikiwa hasi usiifute TB, tafuta biopsi, kipande cha nyama cha kupimwa. Upande wa pili, karibu nusu ya wenye saratani hatua ya kwanza wana CA-125 ya kawaida.

3. Piga RMI, hesabu ya kukadiria hatari ya saratani, ni kuzidisha tu: alama ya ultrasaundi, mara alama ya hedhi, mara CA-125. Mama aliyekoma hedhi mwenye CA-125 ya 60 na ultrasaundi mbaya ni 3 × 3 × 60, yaani 540, na ikizidi 200 huyo ni wa rufaa. Hiyo 60 ndo mnayoipita mkisema "imepanda kidogo".

4. HE4, kipimo kingine cha damu cha saratani ya ovari, haisumbuliwi sana na endometriosis ila figo zinaipandisha, angalia kreatinini. Omba na CEA, inayopanda zaidi kwenye saratani za utumbo. Ukigawa CA-125 kwa CEA ukapata chini ya 25, chunguza utumbo na tumbo la chakula.

5. Chukua damu kabla ya upasuaji na kabla ya kemo, andika tarehe, maabara ileile kila mara. KELIM, hesabu ya kasi ya CA-125 kushuka, inataka angalau vipimo vitatu ndani ya siku 100 za mwanzo za kemo ikuonyeshe ugonjwa unaitikia kwa kasi gani, na bila tarehe haipigiki. Usipime wiki chache baada ya kupasua, kidonda chenyewe kinapandisha.

6. CA-125 ikianza kupanda baada ya matibabu na mama hana dalili yoyote, usikimbilie kemo. Utafiti wa Rustin na wenzake, Lancet 2010, ulionyesha walioanzishiwa mapema kwa namba peke yake hawakuishi zaidi ya waliosubiri dalili. Kaa naye, mweleze, mpange pamoja.

Na hizi chekapu za CA-125 wanazoomba wanawake wasioumwa chochote: Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, majibu ya 2021 yakaonyesha vifo havikupungua. Akija dada anataka kipimo hicho, muulize kwanza kama mama yake, dada au shangazi alipata saratani ya ovari au ya matiti. Akisema ndiyo, usimwachie aende na namba ya maabara tu, mlete kwa bingwa.