Mwale ukiinama, duara linageuka yai

SWALI: Nimetengeneza safu ya antena 16, nne kwa nne, za gigahezi 2.45 kwenye bodi ya FR4 (ile ya kawaida ya saketi, ya nyuzi za kioo) ya milimita 1.6. Ni pachi (antena bapa za shaba) za mraba zilizokatwa pembe mbili ili zitoe polaraizesheni ya duara, yaani wimbi linalozunguka likienda. Mwale ukitazama mbele, uwiano wa mihimili (kipimo cha duara kuwa yai; 0 ni duara kamili) ni desibeli 2. Nikiuinamisha nyuzi 50 unapanda hadi 5. Pachi nimeshazizungusha kwa zamu (0, 90, 180, 270) na fezi zake (kuchelewa kwa wimbi, kwa nyuzi za mzunguko) nimezifuatisha, lakini wapi. Nimekosea nini? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Hujakosea, ndugu yetu. Umetibu ugonjwa mmoja kati ya miwili. Kuzungusha kwa zamu kunafuta kasoro ya ulishaji: mkono usiotakiwa (wimbi linalozunguka upande wa kinyume) unaovuja kwenye pachi moja unakutana na wa jirani ukiwa kinyume, vinakufa vyote.

Kasoro ya pili ni ya umbo. Wimbi la duara ni mawimbi mawili yaliyo mkingamo, moja likiwa nyuma ya lingine kwa fezi ya nyuzi 90. Mwale ukiinama, lile lililo kwenye ubapa wa kuinamia halipungui sana, ila lile la mkingamo hushuka takriban kwa kosaini ya pembe. Nyuzi 45 ni tofauti ya desibeli 3. Nyuzi 60, desibeli 6. Kwa nyuzi zako 50 ni karibu 3.8, na iliyobaki ni pachi kusumbuana zenyewe kwa zenyewe. Pachi zote zina kasoro hii kwa fezi ileile hata uzizungushe vipi, kwa hiyo hakuna cha kufutana.

Kama nyuzi 40 zinakutosha, ishia hapo, utaokoa fedha. Kama hazitoshi, acha kukata pembe: tumia mraba kamili wenye milango miwili ya kulishia, kwenye pande mbili za mkingamo, kila mlango na kibadili fezi chake na cha kupunguza nguvu. Ukiinamia upande wa mlango mmoja, upunguze huo desibeli 3.8 na uache fezi kwenye 90. Ukiinama kimshazari kabisa mambo yanageuka: nguvu zibaki sawa, na fezi kati ya milango itoke 90 iende karibu 114. Hapa ndipo wengi hupotea, wanahangaika na nguvu tu.

Umbali kutoka katikati ya pachi hadi katikati ya jirani usizidi milimita 69 kwa nyuzi 50, la sivyo mwale pacha utachomoza upande wa pili. Sisi tungeweka 60.

Na FR4 usiiamini. Namba yake ya dielektriki hucheza kati ya 4.2 na 4.7, ikihama 0.2 tu, masafa yanahama kama megahezi 55, wakati pachi ya pembe zilizokatwa ina megahezi 35 hivi za kufanyia kazi vizuri. Kata moja ya majaribio kutoka bodi hiyohiyo: upande milimita 29, pembe milimita 4. Kila milimita 0.3 unayopunguza upande huongeza megahezi 25 hivi.

SWALI: Uwiano wa mihimili wa antena yangu naupimia juani, juu ya paa la mabati. Asubuhi napata desibeli 2, jioni 6, na sijagusa kitu. (Msomaji, Rau, Moshi)

JIBU: Bati ndilo linalokuvuruga. Wimbi la mkono wa kulia likigonga bati linarudi la mkono wa kushoto, na hilo ndilo unalojaribu kulipima. Ukisogea kidogo tu, jumla inabadilika. Shuka uwanjani, weka antena kwenye nguzo za mbao za mita 2, mbali na ukuta. Kwa safu ya sentimita 24 kama ya swali la kwanza, mita 3 kati yake na antena ya kupimia zinatosha. Zungusha dipoli (antena ya kupimia yenye vijiti viwili) kama mshale wa saa unaotazama safu, nyuzi 15 kila mara. Kipimo kikubwa toa kidogo, ndio uwiano. Kebo ya dipoli itoke moja kwa moja kwa nyuma na ifungwe ferati (pete ya kuzuia mkondo juu ya kebo) karibu na kiungo, maana ikining'inia kando nayo inageuka antena.