Mjomba, Berlin nianzie wapi?

Shikamoo Mjomba. Mwezi wa tisa naenda Ujerumani kwa mafunzo, na kabla ya kurudi tumepewa siku mbili za mapumziko. Nataka nizitumie Berlin. Kila nikifungua ramani nakuta makumbusho mengine, nazidi kuchanganyikiwa. Sitaki nipige picha Lango la Brandenburg kisha nirudi nyumbani sina cha kusimulia. Nianzie wapi?
Mpwa wako, Iringa

Marahaba, mpwa wangu. Anzia kwenye mifupa.

Panda treni ya chini ya ardhi ya U6, ushuke kituo cha Naturkundemuseum, uingie Makumbusho ya Historia ya Asili yaliyopo mtaa wa Invalidenstraße. Ndani utakuta ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, na katikati yake amesimama mnyama ambaye itabidi urudi nyuma hatua kadhaa ndipo ukione kichwa chake. Kimo chake ni mita 13.27. Ni dinosaria, na wataalamu wanamwita Giraffatitan brancai. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na alichimbwa Tendaguru, Lindi.

Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa mwanafunzi. Ilikuwa Februari, baridi inachoma masikio, nami niliingia mle kutafuta joto tu. Nikasoma neno Tendaguru kwenye kibao, nikajikuta nalitamka kwa sauti. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmwera, na jina hilo nililisikia kwake kabla sijalisoma popote. Nilikaa pale hadi walinzi walipoanza kutuondoa.

Ukisimama mbele ya mnyama yule, wafikirie na watu waliomtoa ardhini. Mhandisi Mjerumani aliona mifupa imechomoza pale Tendaguru mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha. Uchimbaji ulianza 1909, miaka miwili tu baada ya vita, katika nchi iliyochomewa mashamba na kuuawa kwa njaa, ukaendelea hadi 1913. Mamia ya vibarua walichimba, wakasafisha, wakafunga mifupa kwa udongo na mianzi. Kisha wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani, safari ya siku nne hivi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Msimamizi mkuu wa vibarua aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho la kutambua mfupa uliojificha na mkono wa kuutoa bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya hapo.

Saa mbili zinatosha. Toka nje, shika Invalidenstraße kuelekea mashariki, na kwa dakika kumi na kitu utafika kituo cha Nordbahnhof. Usikipite. Teremka ndani, kuna maonyesho ya bure kuhusu vituo vilivyogeuzwa vya mizimu wakati mji umegawanywa Mashariki na Magharibi. Treni za Berlin Magharibi zilipita chini ya ardhi ya Mashariki bila kusimama, na abiria waliona kwa dirishani majukwaa yenye mwanga hafifu na askari wenye bunduki.

Ukipanda juu tena, umefika Bernauer Straße, na hapa ndipo ningetaka uende polepole. Ukuta wa Berlin, uliotenganisha pande hizo mbili, ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. Katika mtaa huu mpaka ulipita kwenye kuta za nyumba zenyewe: vyumba vilikuwa Mashariki, lakini mlango wa mbele ukifunguliwa unakanyaga Magharibi. Milango ikapigiliwa misumari, watu wakaanza kutokea madirishani. Ida Siekmann alirusha matandiko yake chini kutoka ghorofani kisha akajirusha mwenyewe, tarehe 22 Agosti. Alikufa siku moja kabla ya kutimiza miaka 59. Wengine walichimba chini kwa chini. Oktoba 1964 watu 57 walitoka kwa shimo moja.

Eneo la kumbukumbu lina urefu wa kilomita 1.4, liko wazi, hulipi chochote. Pale Ukuta ulipobomolewa wamesimamisha nondo nyingi zenye kutu zikifuata mstari wake, na unaweza kupita katikati yake. Mimi nimepita mara nyingi, na kila mara mwili unasita kidogo. Katikati kuna kanisa dogo la udongo ulioshindiliwa. Kanisa la zamani lilibaki limezingirwa na mpaka, waumini hawawezi kulifikia, na serikali ya Mashariki ikalilipua mwaka 1985. Hili jipya lilifunguliwa mwaka 2000, na vipande vya matofali ya lile la kwanza vimechanganywa kwenye udongo wa kuta. Utaviona kwa macho. Gusa.

Sasa endelea hadi mtaa unakatana na Brunnenstraße, upinde kulia, ushuke kuelekea Rosenthaler Platz. Tafuta nyumba namba 193, kisha angalia chini. Katika mawe ya njia ya miguu kuna kijiwe chenye uso wa shaba, sentimita 10 kwa 10, kikubwa kama kiganja chako. Kimewekwa kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen.

Huyu ni mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa bado mtoto alipoingizwa kwenye jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baba yake akiwa askari wao. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akanyimwa. Akabaki mjini, akafanya kazi ya kuhudumia wateja katika jumba la starehe la Potsdamer Platz, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akapata sehemu ndogo ndogo katika filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Ukiwa umetembea hivyo, kutoka kwa mnyama wa Lindi hadi kwenye kijiwe cha mtu wa Dar es Salaam, utakuwa umepita karne nzima ya Berlin bila kuvuka umbali wa kutisha. Siku ya pili nenda kwingine utakako. Jisajili mapema kwenye mtandao upande kuba la vioo la Bunge, ni bure. Angalia Lango la Brandenburg, ambalo sanamu za farasi wanne zilizo juu yake Napoleon alizichukua mwaka 1806 na zikarudishwa 1814. Pita kwenye nguzo 2,711 za zege za kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, na usikae juu yake kupiga picha. Na angalizo moja: Jumatatu Makumbusho ya Historia ya Asili hufungwa, pamoja na mengine mengi. Panga siku zako kwa kuzingatia hilo.

Mjomba, nataka kuona madhabahu ya Pergamon na kichwa cha Nefertiti. Vyote viko Kisiwa cha Makumbusho. Nitavimaliza kwa siku moja?
Msomaji, Mombasa

Makumbusho ya Pergamon yamefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, na madhabahu hiyo ya Wagiriki wa kale imepangwa kurudi kwa wageni mwaka 2027. Kwa hiyo siku yako yote ni ya Nefertiti, yule malkia wa Misri ya kale, na Makumbusho Mapya (Neues Museum) anamokaa, ambayo yenyewe yanastahili kuangaliwa sawa na vilivyomo. Mabomu ya vita yaliyabomoa, yakabaki magofu zaidi ya miaka 60. Yalipofunguliwa tena 2009, msanifu David Chipperfield hakuyaficha majeraha. Ngazi kuu ni mpya, lakini kuta zinazoizunguka zimeachwa na matofali yake wazi, na kwingineko utaona nguzo zenye alama za moto na rangi zilizokatika katikati. Wanaokimbilia chumba cha Nefertiti wanavipita vyote hivi.

Malkia mwenyewe hapigwi picha. Alichimbwa Amarna mwaka 1912, na Misri imemdai kwa miaka mingi. Mtazame, halafu jiulize ukiwa bado mbele yake: ni wa nani?

Mwalimu wangu wa historia alitufundisha kwamba Afrika ilikatwa kama keki mezani Berlin. Je, hiyo meza naweza kuiona? Nyumba ipo?
Mwanafunzi, Morogoro

Nyumba haipo, mwanangu. Nenda Wilhelmstraße 92. Utakuta majengo ya ghorofa ya makazi yaliyojengwa miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, watu wanaingia na mifuko ya sokoni. Kando ya njia kuna kibao cha maelezo, na ukiwa na haraka utakipita. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na mkutano wa Berlin kuhusu Afrika uliendelea kutoka 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.

Kuhusu kukatwa, naomba nimwongezee mwalimu wako jambo. Mkutano ule uliweka kanuni: biashara ya mto Kongo na Niger iendeshwe vipi, na taifa la Ulaya likitaka kudai pwani ya Afrika litimize masharti gani. Mipaka mingi tunayoijua ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Wa kwetu ni ule wa Waingereza na Wajerumani wa 1886, kisha ule wa 1 Julai 1890 uliowapa Waingereza Zanzibar na Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Lakini angalia tarehe hii: tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya wajumbe kufunga mafaili yao, Kaisari alitia saini hati ya kulinda ardhi ambazo mkoloni Mjerumani Carl Peters alidai kuzipata Usagara na jirani zake, upande wa kwenu Morogoro. Kwa hiyo ukisimama pale Wilhelmstraße una haki kabisa ya kuikumbuka Morogoro.

Ukipata muda, panda treni hadi kitongoji cha Wedding, kwenye mitaa yenye majina ya Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Majina hayo yaliwekwa kwa kujivunia makoloni. Kipande cha barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee sasa, tangu 2024, kinaitwa Maji-Maji-Allee. Na Neukölln kuna mtaa uliobeba jina la gavana Wissmann hadi 2021. Sasa unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanamke wetu wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri serikalini. Nilipokuwa nikiishi Berlin nilikuwa nikipita hapo na kuliona lile jina la zamani. Niliporudi kutembea na kukuta kibao kipya, nilisimama nikakisoma mara tatu.

Ndugu Mjomba, kwa nini unatuhimiza tulipe nauli na kiingilio kwenda kutazama mali yetu iliyochukuliwa? Mimi naona ni kuwatukuza.
Mzee wa Moshi

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako nimekaa nalo siku nyingi, na sitalijibu kwa haraka.

Ninyi wa Moshi mnadai deni zito kuliko la mifupa ya dinosaria. Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na hadi leo ukoo wake unatafuta kichwa chake Ujerumani. Berlin peke yake ilikuwa na mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki, yaliyochukuliwa ili kupimwa na wanasayansi wa enzi ile. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa walio hai Tanzania wa baadhi ya wale waliochukuliwa. Novemba ya mwaka huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji.

Mafuvu hayo hayakufichuliwa kwa kukaa mbali. Watu waliuliza, Watanzania na Wajerumani, mwaka baada ya mwaka, milango ya stoo ikafunguliwa. Ndiyo maana nawaambia vijana waende, wasome vibao, na pale kibao kinaponyamaza waulize dawati la mbele kwa maandishi: hiki kilichukuliwa na nani, lini, kwa ruhusa ya nani? Mimi nimeandika barua za namna hiyo, nyingine zikakaa bila majibu miezi. Nikaandika tena. Kiingilio kinaniuma nami, mzee wangu. Lakini kijana aliyeuona ule mfupa wa Tendaguru kwa macho yake huwezi kumwambia kwamba historia yake haina thamani.

Mjomba, uliwahi kutaja kijiwe cha Mohamed Husen katika barua ya nyuma. Naishi Ujerumani sasa. Je, naruhusiwa kuweka ua pale, au watanifukuza?
Dada wa Tanga, ughaibuni

Weka, dada yangu. Hakuna atakayekufukuza. Ni desturi ya kawaida mjini, hasa tarehe 9 Novemba, usiku ambao mwaka 1938 masinagogi yalichomwa: utaona mishumaa na maua kwenye vijiwe vya namna hii mitaa mingi.

Chukua pia kitambaa laini na dawa kidogo ya kung'arishia shaba, maana hali ya hewa huifanya nyeusi na maandishi hayasomeki. Piga goti, sugua taratibu, futa kwa maji. Wenye nyumba wanapita mlango huo asubuhi na jioni, kwa hiyo sogea pembeni kidogo. Mimi nilipokuwa nikisugua, mama mmoja wa jengo alisimama na baiskeli yake akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia tunatoka nchi moja. Akaegesha baiskeli, akaingia ndani, akarudi na ndoo ya maji ya moto.