Mchochota na mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani

Ndugu, umeuliza kama vidonge vya kupunguza mchochota (yaani wekundu, joto na maumivu yanayotokea mwili unapojikinga na jeraha au ugonjwa), hivi tunavyovinunua kwa urahisi katika maduka ya dawa hapa Nairobi, vinaweza kuukatia damu uvimbe wa saratani wa mama yako. Uhusiano upo, ila njia yake ni ndefu. Uvimbe usio na mishipa yake haukui kupita takriban milimita 1 au 2, kwa kuwa oksijeni haizifikii seli za ndani. Hoja hiyo ilitolewa na daktari Judah Folkman wa Marekani mwaka 1971. Uvimbe huziita chembe nyeupe za damu ziitwazo makrofaji, kana kwamba mwili una jeraha, nazo hutoa protini za mchochota kama TNF na intalukini-6, ambazo huzichochea seli za saratani na za jirani kutengeneza VEGF, protini inayoziamuru seli za ukuta wa mishipa kugawanyika na kuchipua matawi mapya. Intalukini-8, protini nyingine ya mchochota, huweza hata kuzichochea seli hizo za ukuta wa mishipa moja kwa moja.

Vidonge hivyo huzuia hasa vimeng'enya vya COX, vinavyosaidia kutengeneza kemikali za mchochota, na hiyo ni njia moja tu kati ya nyingi. Dawa inayoinasa VEGF yenyewe, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, na kwa kawaida hutolewa pamoja na tiba nyingine. Nakusihi usimpe mama vidonge hivyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu vinaweza kuleta vidonda na kuvuja damu tumboni, na kudhuru figo, hasa ikiwa yuko kwenye kemotherapi.