Sultani wa Maili Kumi, na Maswali Mengine ya Ramani

Zile video za ramani ambazo dola zinavimba na kunywea huku miaka ikikimbia pembeni zimewagusa wengi. Nimechukua maswali yanayotuhusu sisi wa kusini mwa Tanzania.

Nimeona Dola ya Kilwa imepakwa rangi moja kutoka Somalia hadi Sofala, Msumbiji. Kweli tulikuwa wakubwa hivyo? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Ukubwa ulikuwepo, ila si wa kupakwa rangi namna hiyo. Kilwa ilishika bandari, visiwa na njia za baharini. Mtawala wa Kilwa Kisiwani alikula ushuru wa dhahabu iliyoshuka Sofala kutoka nyanda za Zimbabwe, lakini ukiiacha pwani ukaelekea bara, amri yake ilikuwa imekwisha. Hata pwani kwenyewe, Mombasa na Malindi zilikuwa na wenyewe. Mimi ningeichora kwa vitone na mistari ya majahazi, basi.

Nguvu ya Kilwa itafute kwenye sarafu zake za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande zote mbili zina vina! Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331, imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa zimeonekana kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana hadi leo, na hakuna anayesema Kilwa ilitawala Australia.

Video hizo pia hugeuza pwani yote kuwa ya Mreno mwaka 1505. Mwaka huo kamanda wa Kireno, Francisco de Almeida, aliuteka mji wa Kilwa na kujenga ngome, ni kweli. Lakini 1512 Wareno walifungasha wakaondoka.

Kwenye ramani ya 1886 Sultani wa Zanzibar ana kijiutepe chembamba tu. Newala haimo? (Msomaji, Newala)

Haimo, wala Masasi, wala Nachingwea. Waingereza na Wajerumani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba Sultani, Seyyid Barghash, abaki na visiwa pamoja na ukanda wa maili 10 za baharini, kama kilomita 18 na nusu, kuanzia ghuba ya Tungi hadi Kipini, Kenya ya leo. Biashara ya Zanzibar ilifika Ziwa Tanganyika na kuvuka, lakini wao walitaka kitu cha kupima kwa rula. Tungi yenyewe, kusini ya Ruvuma, hakukaa nayo: Wareno waliichukua 1887. Na 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, ukanda uliobaki upande wa Wajerumani ukawa wao moja kwa moja.

Mwanangu ameandika Mjerumani alianza kuitawala Mtwara 1885, kama ramani inavyosema, akakosa. Mwalimu kamwonea? (Mzazi, Mtwara mjini)

Hakumwonea, mzazi mwenzangu. Mikataba ya Mjerumani Carl Peters ya mwishoni mwa 1884 ilihusu Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Huku kwetu hakukanyaga. Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha mwaka 1888, watu wa Lindi na Mikindani waliwatimua maofisa wake, na Kilwa wawili wakauawa. Boma la Mikindani, lile lililogeuzwa hoteli, ni la 1895.

Juu kwenye uwanda wa Makonde, Machemba, mkuu wa Wayao, aliandikiwa na kamanda wa Kijerumani, Wissmann, aje asalimu amri. Akajibu kwa Kiswahili, mwaka 1890, kwamba haoni sababu ya kumtii. Aliendelea kuwasumbua hadi 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Miaka yote hiyo ramani za Berlin zilikuwa zimeshalipaka eneo lake rangi.

Bibi yangu alisema Kionga ilikuwa ya Mjerumani. Si iko ng'ambo, Msumbiji? (Msomaji, Kilambo)

Bibi yuko sahihi kabisa. Mpaka ulikuwa Ruvuma, lakini Wajerumani walidai mdomo wote wa mto, wakaikalia Kionga mwaka 1894 na kupata mpaka mpya kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 40 kusini. Ikawa pembetatu ndogo ng'ambo ya mto. Wareno waliitwaa Aprili 1916, na baada ya vita wakaachiwa rasmi. Kwenye video nyingi haionekani, ni ndogo kuliko unene wa mstari.

Dola gani ilikuwa kubwa kuliko zote? (Kijana, Lindi)

Ya Uingereza, karibu robo ya nchi kavu ya dunia miaka ya 1920, na Tanganyika imo. Kwa ardhi iliyoshikana bila bahari katikati, Wamongolia.

Mbona Greenland inalingana na Afrika? (Mwanafunzi, Ruangwa)

Hailingani. Hiyo ni ramani ya Mercator ya 1569, iliyochorwa kumsaidia nahodha kushika uelekeo, nayo huvimbisha nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30, Greenland milioni 2 na kidogo.

Nifundishe kwa ramani ipi? (Mwalimu, Masasi)

Wape karatasi tupu yenye pwani na Ruvuma tu. Waweke vitone vya bandari, wachore ukanda wa maili 10, kisha waandike mwaka ambao boma au kambi ilijengwa kila mahali. Mwaka wa mkataba uandikwe kwa penseli, wa boma kwa wino. Na Kionga msiiruke.